Faradhi ya Kusikiliza

Wanazuoni wa sharia ya Kiislamu, ambao majirani zetu wanaosali misikitini hapa Butembo na Beni huwafuata, na ambao sisi wana wa kanisa aghalabu hatujishughulishi kuwasoma, wamezigawa faradhi mafungu mawili. Ipo fardhi aini, imlazimuyo kila mtu kwa nafsi yake, kama sala tano na saumu ya Ramadhani, ambayo baba hawezi kumtimizia mwanawe wala mke mumewe. Na ipo fardhi kifaya, iliyowekwa juu ya jamaa nzima kwa pamoja, ambayo wakitokea wachache wakaisimamia, waliobaki husamehewa, lakini asipotokea hata mmoja, dhambi yake huwaenea wote waliokuwa na uwezo wa kuitenda, wala hakuna atakayeponea kwa kusema kuwa siku ile alikuwa shambani. Mfano wanaopewa watoto chuoni ni sala ya jeneza: maiti akisaliwa na watu wachache, mji mzima umetoka deni, asiposaliwa na yeyote, mji mzima unadaiwa. Na mfano wa pili, usiotajwa sana ingawa vitabu vimeutaja, ni kumwokoa mtu anayezama, na juu ya huo mafakihi wamekata shauri kwamba hata mwenye kusali, akisikia kilio cha mtu majini naye ana uwezo wa kumfikia, yampasa aikate sala yake aende, kwa kuwa sala itaweza kulipwa baadaye na roho haina malipo.

Nimeanza na mafundisho ya dini isiyo yangu kwa sababu sijaona mahali pengine palipoelezwa kwa uwazi namna hiyo jambo ambalo limekuwa likinisumbua kwa muda, nalo ni hili: iwapo chombo kimezama na watu wakafa kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewekwa kuwasikiliza, dhambi ni ya nani? Sisi watu wa Kimemi, hapa Butembo, ile fardhi ya kwanza, ya kuzika, twaitimiza kwa ukarimu usio na kifani. Msiba ukitokea mtaani, mabenchi huletwa, turubai hufungwa, mama huja na kuni na unga, daftari ya michango hupita mkono kwa mkono, na hata mtu aliyegombana na marehemu huona haya kutoonekana. Fardhi ya pili, ya kumwokoa anayezama, tumeiacha, na tulipoiacha hatukujua kuwa tumeacha kitu.

Tarehe 3 Oktoba 2024, bato lililotoka Minova lilipinduka katika Ziwa Kivu karibu kabisa na bandari ndogo ya Kituku, mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliosimama ufukoni wakingoja ndugu zao na mizigo yao. Lilikuwa limejaa kupita kiasi, na lilijaa kwa kuwa vita vilikuwa vimeikata njia ya nchi kavu, hata mwuza mboga na mwanafunzi, waliozoea kupanda gari, wakageuka kuwa abiria wa majini bila ya kupenda. Habari zilipofika kwetu Butembo, ambako wengi tuna jamaa Goma, nilisikia sokoni neno lile ambalo kila msomaji amekwisha kulisikia, mama mmoja akimfariji mwenzake aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake la muhogo: ni mapenzi ya Mungu, yaya. Wala simlaumu mama yule, kwani faraja si mahali pa kufanyia mjadala, na mwenye kufiwa hahitaji mwanafalsafa. Lakini neno hilo halikuishia sokoni. Nililisikia tena kwa watu wakubwa, kwa wenye madaraka, kwa wenye mabato, na kila lilipopanda daraja moja lilizidi kunitia shaka.

Mimi siikanushi kudra. Aliyelala usiku mmoja Kyavinyonge, akaona jinsi upepo unavyoshuka kutoka milimani ukaligeuza Ziwa Edward, lililokuwa limetulia jioni, likawa halikaliki kabla ya jogoo kuwika, hawezi kusema kwamba mwanadamu ndiye mwenye amri ya maji. Ila naona yapo mambo mawili ambayo ulimi wetu huyachanganya: upepo wenyewe, ambao hakuna awezaye kuuzuia, na kukosekana kwa mtu wa kuutangaza upepo huo kwa walioko ziwani, jambo ambalo liliamuliwa na watu, mezani, kwa kalamu, au halikuamuliwa kabisa kwa kuwa hakuna aliyelikumbuka. La kwanza ni la Mungu. La pili tukimtwika Yeye twamsingizia, na kumsingizia Mungu ni kosa kubwa kuliko uzembe tunaotaka kuuficha nyuma ya jina Lake.

Kazi ninayoisema ina majina marefu katika nchi zenye bahari, nami nitaieleza kwa maneno mepesi. Ni kazi ya mtu akaaye katika chumba kilicho juu ya bandari au juu ya mlango wa bahari, mbele yake pana rada na ramani ya vyombo vinavyopita, masikioni ana redio, na zamu yake yote ni kusikiliza na kunena: kupokea wito wa wenye dhiki, kuwapasha manahodha habari za upepo, za miamba na za vyombo vilivyo njiani, na kumpanga nani aingie na nani angoje nje. Bandari ya Liverpool ilianza kuzitazama meli kwa rada mwaka 1948, na tangu hapo desturi ikaenea duniani, hata leo Canada ina chuo chake cha walinzi wa pwani huko Sydney, Nova Scotia, ambako watu hufunzwa kazi hiyo mahsusi. Na kwetu Afrika ya Mashariki kipo Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kipo cha Bandari huko Mombasa, na tangu 2006 Mombasa ina kituo cha uokoaji kinachosikiliza sehemu kubwa ya bahari ya Hindi iliyo upande wetu.

Msomaji wa Butembo ataniuliza, na kwa haki, mtu aliyezaliwa yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari ana haja gani na elimu ya mlango wa bahari. Nami nitamjibu kwa kumwonyesha duka lake. Vitenge vile, vipuri vile vya pikipiki, mabati yale, vilipakiwa Guangzhou au Dubai, vikaingia Kilindini kwa mlango ule ule ambao vivuko vya Likoni huukata usiku na mchana vikiwa vimejaa watu waendao kazini, na kila meli ilipopita pale salama bila ya kukipanda kivuko, kuna mtu aliyesema neno kwa wakati wake, ndipo kontena likashika njia ya Kampala na Kasindi mpaka kwetu. Tunakula matunda ya kazi hiyo kila siku, na hatujampeleka hata mtoto mmoja kwenda kujifunza. Wala nisiseme habari ya wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi, ambao samaki wao wamo vyunguni mwetu, na habari ya ndugu zetu waendao baina ya Goma na Bukavu. Hao si wa mbali.

Sasa nije kwenye swali la dhambi, na hapo sina budi kutoka katika maziwa yetu nipite mpaka bahari ya Atlantiki ya kaskazini, usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, si kwa sababu ya Titanic, ambayo kila mtu ameichoka, bali kwa sababu ya meli ndogo iliyoitwa Californian, iliyokuwa imesimama usiku ule, haiko mbali, ikiwa imezuiwa na barafu. Ndani yake alikuwamo mpiga simu ya upepo mmoja tu, kijana wa miaka 20, Cyril Evans, aliyekuwa kazini tangu asubuhi. Usiku huo aliiita Titanic aiarifu kwamba wao wamesimama na barafu imewazunguka. Mwenzake wa Titanic, aliyekuwa ameelemewa na salamu za abiria za kupelekwa kituo cha Cape Race, alimkemea anyamaze. Kijana akanyamaza, akasikiliza kidogo, kisha akavivua visikizi akalala. Dakika chache baadaye, saa sita kasoro dakika ishirini za usiku, Titanic iligonga. Maofisa wa zamu wa Californian waliziona fataki nyeupe zikipanda angani moja baada ya moja, wakamwarifu nahodha, wakaita kwa taa wasijibiwe, na katika saa zote hizo hakuna aliyeona haja ya kushuka kumwamsha kijana aliyekuwa na masikio ya meli, mpaka kulipokaribia kucha. Katika meli nyingine iliyo mbali zaidi, Carpathia, mpiga simu naye alikuwa mmoja, Harold Cottam, naye alikuwa akijitayarisha kulala, ila visikizi alikuwa hajavivua kwa kuwa alingoja jibu la meli ya tatu. Na kwa nasibu hiyo tu, ya mtu aliyechelewa kuvua kitu kichwani, watu zaidi ya 700 waliokolewa, na wapatao 1,500 wakafa.

Nimejaribu mara nyingi kumtia hatiani kijana Evans nikashindwa. Alionya akatukanwa, alifanya kazi mchana kutwa na nusu ya usiku, akalala, na mwili una haki juu ya mwenyewe. Nimejaribu kumtia hatiani nahodha, ambaye mabaraza mawili ya uchunguzi, la Marekani na la Uingereza, yalimlaumu, nikaona kwamba hata yeye, kwa makosa yake yote, alikuwa akifuata desturi ya wakati ule, ambayo haikumlazimu mwenye meli kuweka zaidi ya msikilizaji mmoja kwa usiku na mchana. Nilipofika hapo ndipo nikawakumbuka mafakihi. Kosa la usiku ule lilikuwa kubwa, na kila unayemshika ana udhuru wake; ukilitafuta kwa mtu mmoja mmoja hulipati, ukiitazama jamaa nzima, wenye meli, watunga sheria, abiria waliolipa nauli wasiulize, utalikuta limekaa juu ya wote. Hivyo ndivyo fardhi kifaya iliyoachwa inavyokuwa. Na ulimwengu, japo haukulitamka neno hilo la Kiarabu, ulikiri hukumu yake, kwani Januari 1914 mataifa yaliyokuwa yamekutana London yaliandikiana mkataba, na moja ya masharti yake likawa kwamba meli kubwa za abiria zisiwe bila ya mtu wa kusikiliza saa zote ishirini na nne.

Katika mambo yaliyopangwa katika miaka iliyofuata, lipo moja linalonivutia kuliko rada na mitambo yote, nalo ni amri ya kunyamaza. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita, mara mbili kila saa, tangu dakika ya 15 hata ya 18, na tangu ya 45 hata ya 48, kila meli na kila kituo kilichokuwa kikitumia alama za Morse katika masafa ya kilohezi 500 kilipaswa kukaa kimya na kutega sikio. Na waliokuwa wakisema kwa sauti katika kilohezi 2182 walikuwa na dakika zao, tatu za mwanzo wa saa na tatu baada ya nusu saa. Saa za ukutani katika vyumba vya redio zilitiwa rangi, nyekundu kwa hizo za kwanza na kijani kwa hizo za pili, ili mtu hata akiwa katikati ya biashara yenye faida kubwa aone mkono wa saa ukiingia katika rangi, akate maneno. Na sababu yake ni nyepesi: chombo kinachozama aghalabu kina betri dhaifu na sauti ndogo, na sauti ndogo haisikiki penye ghasia, basi wenye nguvu wote wa baharini walifungwa midomo kwa sheria, kwa dakika sita za kila saa, kwa ajili ya mnyonge mmoja ambaye yumkini usiku huo hakuwapo.

Sijui ibada nyingi zilizo safi kuliko hiyo. Sisi tuna adhana, tuna kengele ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, nazo zilikusudiwa kumkata mtu katika shughuli zake ili asikilize. Lakini katika miji yetu ya leo sala imekuwa kunena tena kunena, na vipaza sauti vya mikesha huendelea mpaka alfajiri, jambo nisilolisema kwa chuki, ingawa usingizi wangu una la kulalamika. Mtu akituuliza ni saa ngapi katika juma zima tunanyamaza kwa ajili ya kilio ambacho hatuna hakika kipo, tutakuwa na jibu la kuona haya.

Tangu tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa dhiki na usalama wa baharini umeshika mahali pa Morse, na dakika zile za kimya zimekwisha kazi yake. Sasa nahodha hubonyeza kitufe, na mlio hutoka wenyewe katika vituo na vyombo vilivyo karibu, pamoja na namba ya chombo na mahali kilipo. Kisha maneno yenyewe husemwa katika mkondo wa 16, megahezi 156.8, ambao kila baharia anaujua. Ni neema kubwa, nami siwahurumii wanaoikumbuka Morse kwa machozi. Ila mashine isiyochoka huleta taabu ya namna yake, kwa kuwa milio ya uongo, ya vidole vilivyoteleza na ya mitambo iliyokosewa, imekuwa mingi kuliko ya kweli, na mtu aliyesikia mlio wa uongo mara kwa mara ana kishawishi cha kuuzima ule unaofuata bila ya kuuliza. Mwanafunzi wa kazi hii, miongoni mwa mengi anayofunzwa mbele ya mitambo ya kuigiza kabla hajaachiwa meli za kweli, hufunzwa kuupokea kila mlio kama wa kwanza. Hilo mashine haiwezi kumfanyia. Ni adabu ya nafsi, na watu wa dini wangeliweza kuitambua bila ya kufunzwa rada.

Iko adabu nyingine, ya ulimi, ambayo natamani wahubiri na wanasiasa wetu wangepelekwa kuisomea. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mkusanyo wa maneno ya kutumiwa na vyombo na vituo vyote, na ndani yake imo desturi kwamba mwenye zamu, anapotaka kumwambia nahodha jambo zito, hutanguliza neno moja la kueleza analeta neno la namna gani: ni swali, au jibu, au ombi, au habari, au kusudio, au onyo, au nasaha, au amri. Akisema habari, nahodha anajua kuwa ameachiwa kuamua. Akisema onyo, anajua hatari ipo. Akisema amri, anajua kuwa sheria imesimama nyuma ya sauti ile. Hapo nasaha haiwezi kujivika nguvu za amri, wala amri haijifichi ndani ya habari ili msemaji apate kuruka baadaye aseme hakuamrisha. Na juu ya yote hayo usukani haumo mkononi mwa mwenye zamu. Yeye aona, asema, na dhima ya chombo yabaki kwa nahodha.

Msomaji wa Biblia atamkumbuka hapa mlinzi wa nabii Ezekieli, katika sura ya 33, ambaye akiuona upanga unakuja akapiga tarumbeta, na mtu akasikia asionyeke, damu ya mtu huyo ni juu ya kichwa chake mwenyewe, na mlinzi ameiokoa nafsi yake. Bali asipopiga, damu itatakwa mkononi mwake. Ni hukumu ya haki. Lakini nimekuwa nikiiogopa kidogo, kwa kuwa mtu mvivu aweza kuifanya maficho: nilisema, hawakusikia, mimi simo. Waalimu wa redio wameliziba tundu hilo kwa kanuni ndogo, kwamba neno zito halihesabiwi kuwa limefika mpaka aliyeambiwa amelirudia kwa kinywa chake, na lisiporudiwa husemwa tena, kwa maneno yale yale, polepole. Kwa kanuni hiyo Evans hakuwa amemaliza. Ila kanuni hiyo haikumfikia, wala hakuwa na mwenzake wa kumpokea zamu. Na watu wa Beni na vitongoji vyake, ambao tangu Oktoba 2014 wamezika jamaa zao waliouawa kwa mapanga na risasi, wanaujua upande wa pili wa kanuni hii kwa uchungu ambao hakuna kitabu kitakachowafunza: kupiga simu, kutaja kijiji, kutaja njia waliyopita wauaji, kuambiwa habari imepokelewa, kisha kungoja. Habari iliyopokelewa isirudiwe, isiandikwe, isifuatwe, haikusikiwa.

Wito wa dhiki una mpango wake, na kila mwanafunzi huukariri mpaka aweze kuusema usingizini. Husemwa Mayday mara tatu, jina la chombo, mahali kilipo, balaa iliyokipata, msaada unaotakiwa, na idadi ya watu waliomo. Nimesimama sana juu ya sehemu hiyo ya mwisho. Nahodha wa bato la mbao lililopakia gizani, ambaye hana orodha, na ambaye wenye bato wamemwambia apakie mpaka pasibaki nafasi, atasema nini akifika hapo? Katika meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na kwa hiyo hata leo hesabu ya waliokufa hutofautiana kutoka kwa msemaji hadi kwa msemaji. Wako watu katika kina cha Viktoria ambao hawamo hata katika idadi ya wafu. Twafundishwa kwamba mbele ya Mungu hata unywele umehesabiwa. Basi mwenye chombo anayekataa kuwahesabu abiria wake, hata akiwa amefadhili jumuiya nzima ya kanisa, ameikana imani hiyo mahali ilipopaswa kuonekana.

Na MV Bukoba yanipa hujja ya mwisho juu ya elimu, kwa wale wasemao kwamba moyo mwema watosha. Chombo kile kilipopinduka hakikuzama mara moja; kilielea juu chini, na waliofika kuokoa waliwasikia watu ndani yake wakigonga bati. Waliwasikia kabisa. Wakatoboa tundu ili wawatoe, na hewa iliyokuwa ikiwashikilia pamoja na chombo ikatoka, kikazama. Sitaki kuwahukumu watu wale, waliotenda kwa huruma na haraka, na ningalikuwa pale ningaliwasaidia. Nasema tu kwamba sikio lilikuwapo, na moyo ulikuwapo, na ujuzi haukuwapo, na bila ya huo wa tatu yale mawili hayakufaa kitu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake cha Ihya kwamba utabibu na elimu ya hesabu ni fardhi kifaya, na hata kazi za mikono kama ukulima na ushoni, kisha akalalamika kwamba miji ya zama zake ilijaa wanafunzi wa fikihi waliokimbilia elimu yenye vyeo, ilhali mji mzima uliweza kukosa tabibu Mwislamu. Nimeisoma lawama hiyo nikautazama mji wetu. Tuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989, nacho kimetutolea madaktari na mabwana shamba, Mungu akibariki. Tuna vyuo vingine vingi kando yake. Wanasheria tunao, hata wengine hawana kesi. Wachungaji tunao kwa kila kona. Mtu aliyefunzwa kumsikiliza anayezama, sijamwona.

Wala tusijidharau tukasema kwamba kazi hiyo ni ya watu wa pwani. Kabla ya simu za mkononi kuenea, parokia zetu, hospitali zetu na wafanyabiashara wetu wakubwa walisemezana kwa foni, ile redio ya masafa marefu yenye waya uliotandazwa baina ya miti miwili na betri ya gari chini ya meza, na kila kituo kilikuwa na saa zake za miadi, ambazo hata mvua ikinyesha kulikuwa na mtu amekaa. Sista aliyekuwa kwenye foni alijua kusema maneno machache, kuyarudia, kumpisha mwenye mgonjwa kabla ya mwenye salamu, na kuandika daftarini kila alilolisikia na saa aliyolisikia. Hakupata cheti kwa hayo, na leo angekipata. Hata sasa, usiku wezi wanapoingia mtaani, filimbi hupigwa, sufuria hugongwa, na nyumba moja huipokea nyingine mpaka mtaa wote umeamka. Maana ya zamu twaijua. Tulichokikosa ni kuipeleka ziwani.

Njia haikufungwa. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya hiyo ina mradi wa mawasiliano na uokoaji katika Ziwa Viktoria, makao makuu yamewekwa Mwanza, na vituo vidogo Kisumu na Entebbe. Ni wa Viktoria tu, lakini mfano umekwisha kuwekwa, na Kivu na Edward yana nchi mbili mbili kila moja, zote wanachama. Kijana wa Butembo, aliyelelewa kwa Kinande na Kiswahili akasomeshwa kwa Kifaransa, atakuta Dar es Salaam na Mombasa masomo kwa Kiingereza, na maneno yale ya 2001 ni ya Kiingereza vilevile. Hiyo ni taabu ya mwaka mmoja. Ada ni taabu kubwa zaidi, lakini wafanyabiashara wetu, ambao wamezoea kuchanga fedha kwa barabara ambazo serikali haikuzitengeneza, wamekwisha kubeba mizigo iliyo mizito kuliko ada.

Ila wasimpeleke mmoja. Mafakihi wanayo kanuni moja zaidi, ambayo nimeiweka hadi hapa: fardhi kifaya ikiwa hakuna aiwezaye ila mtu mmoja, kwake yeye hugeuka kuwa fardhi aini, haimwachi tena. Siku kijana yule atakaporudi na cheti chake, deni lililokuwa juu ya mji mzima litamwangukia yeye peke yake, na kila bato litakalopinduka usiku akiwa amelala litamwuliza yeye. Hiyo ni dhuluma, na tumekwisha kuiona ikitendwa katika Californian. Kituo kimoja kisichofungwa usiku wala mchana, ukiweka zamu za saa nane nane, na siku za kupumzika, na siku za homa, chahitaji watu watano. Na ziwa lenye pwani mbili lahitaji zaidi ya kituo kimoja.